Jina Tulilolitoa Ili Tubaki

Mwanangu ana jina zuri, jina la mtu wa heshima, na mimi mama yake silitamki. Namwita Papa, kama wanawake wengi wa Kolwezi wanavyowaita watoto wao wa kiume, na watu wanadhani ni mapenzi tu. Ni mapenzi, sikatai. Lakini lile jina lenyewe likifika kooni linakwama kama mwiba wa samaki, na hapa pia sitaliandika. Lilikuwa jina la marehemu baba yangu. Tulimpa mtoto ili sisi watatu, mimi na mume wangu na yeye, tubaki pamoja katika nyumba ile ile na mji ule ule. Baba yake hakuwahi kumwona akitembea.

Mume wangu alizaliwa Kolwezi. Baba yake aliletwa kijana kutoka mkoa wa Kasai, enzi za Wabelgiji, kuja kuchimba shaba; akazeeka hapa, akafa hapa, akazikwa hapa hapa. Mume wangu naye akawa fundi wa malori makubwa kule kwenye mgodi wa Mashamba, yale ambayo gurudumu lake limemzidi mtu urefu. Kasai aliijua kwa kusikia. Hata lugha ya huko aliizungumza vibaya, na shangazi zake walikuwa wakimcheka. Mimi watu wangu ni wa Sandoa, huku huku Katanga. Tulipooana hakuna aliyeuliza huyu ni wa wapi na yule ni wa wapi. Kaka yangu mkubwa, aliyenilea mjini baada ya baba kufariki, aliipokea mahari kwa mikono miwili, akala mbuzi, akacheza mpaka akavua viatu.

Halafu ukaja wakati ule. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Kampuni ya migodi ilikuwa inakufa kidogo kidogo: mashimo yanajaa maji, malori yanasimama kwa kukosa vipuri, na mshahara unakuja pale unapojisikia. Njaa ikishaingia ndani watu hutafuta wa kumlaumu, na wakubwa waliwapunguzia kazi ya kutafuta. Walisimama mbele ya umati wakasema kwamba kazi za Katanga, mkoa wetu, zimeliwa na watu wa Kasai. Vijana wakaanza kupita barabarani wakiimba kuhusu bilulu. Bilulu kwa Kiswahili chetu ni wadudu, wale wa kwenye mboga na wa kwenye magodoro. Nilikuwa namwangalia mume wangu asubuhi akinyoa ndevu, povu limejaa kidevuni, najiuliza ni mdudu gani huyu anayejikwaruza kwa wembe ili afike nadhifu kwenye kazi isiyomlipa.

Mimi nilikuwa na mimba, ya kwanza, nayo ilikuwa imekomaa. Kuhusu jina hatukuwa na mjadala. Kwao mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu, baba wa baba, na mume wangu alikuwa ameshaanza kulisalimia tumbo langu. Anainama, anapiga makofi mepesi, anasema kama anayemwamkia baba yake, "Tata, mumeamuka muzuri?" Mtoto akipiga teke yeye anacheka, anasema mzee bado ana hasira zile zile.

Jumapili moja kaka yangu alikuja baada ya misa, amevaa koti. Alikuwa karani, na maneno ndiyo yalikuwa shamba lake. Akakaa kwenye kiti kizuri, akanywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, niliompikia, akaweka kikombe chini taratibu.

"Shemeki," akamwambia mume wangu, "mi nilifikiri mingi. Aba batoto ba barabara mi nabayua. Banaheshimu kitu moya tu: damu. Kama mutoto anabeba jina ya tata yetu, ye njo tata yetu. Nani atafukuza tata yetu mu nyumba yake?"

Hakuwa anatunga. Kwetu jina si kitu cha kumtofautisha huyu na yule tu. Ukimpa mtoto jina la marehemu, marehemu amerudi. Watoto wake watamwita mtoto baba, mjane wake atamwita bwana yangu, na mtu akimpiga kibao amempiga mzee. Alichokisema kaka kila mtu mtaani angekielewa, hata wale vijana wa bilulu, maana nao wana bibi zao nyumbani wanaowaita waume.

Mume wangu alisugua grisi isiyotoka kwenye kucha.

"Na tata yangu, yaya?" akamwuliza kaka mwishowe. "Ye atarudia wapi?"

"Atarudia mu mutoto wa pili," kaka akasema. "Kwanza mubakie."

Kwanza mubakie. Neno hilo lilitushinda wote wawili. Nani angelipinga? Mume wangu alilitembeza kichwani siku kadhaa, kisha akaenda makaburini peke yake na chupa ya pombe, kumwomba baba yake radhi. Alirudi na udongo magotini. Nikamwuliza mzee amesemaje. "Hakujibu," akasema. "Lakini hata mbele, akiwa muzima, hakukuwaka anajibu mbio." Tukacheka, kwa sababu bado tulikuwa tunaweza.

Mama yangu alifika kutoka Sandoa juu ya lori la mihogo, kuja kumpokea mjukuu. Tukampa chumba cha nyuma, na tangu siku hiyo mume wangu akawa mgeni ndani ya nyumba yake. Kwetu mwanaume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hali mbele yake, hampi mkono, hamkatalii neno, na wakikutana njiani ni yeye anayepisha na kugeuza uso pembeni. Wanaume wengi wa mjini walikuwa wameanza kuyazembea mambo hayo. Yeye hapana. Ikiwa nchi nzima inamwita mdudu, basi kwa mama yangu angalau awe mkwe asiye na kasoro. Akimsikia anakohoa uani, anatokea mlango wa mbele. Akisikia kandambili zake barazani, anatokea mlango wa jikoni. Nilicheka mpaka mtoto akanikanya kwa teke tumboni.

Mama alimsifia kwangu. "Ule bwana yako eko na heshima," alisema. "Hata siku moya hajaniona mu macho."

Mtoto alizaliwa mvulana, mzima, mwenye sauti. Kabla kitovu hakijaanguka mtoto hana jina. Tunamwita mgeni tu, kwa sababu huenda akabadili mawazo akarudi alikotoka. Kilipoanguka, ndugu na majirani walikusanyika uani. Mwenye kulitamka jina ni baba wa mtoto, na hiyo ni kazi ambayo mtu mwingine hawezi kumfanyia. Mume wangu alimpokea mtoto, akamnong'oneza sikioni, kisha akainua kichwa na kulitaja jina la baba yangu mbele ya watu wote. Niliijua sauti yake, na siku ile ilitoka kama ya mtu anayesomewa na mwingine ili arudie.

Wanawake walipiga vigelegele. Kaka yangu alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya misa, akapiga makofi kama tunavyowasalimia wazee kule Sandoa. "Tata, karibu nyumba," akasema. "Mulituacha siku mingi." Firigisi ya kuku, ambayo ni haki ya mzee wa nyumba, ikawekwa kwenye sahani mbele ya mtoto asiye na jino hata moja, halafu kaka akamsaidia kuila.

Mama yangu ndiye alimshika wa mwisho. Mume wangu alikuwa ameshasogea nyuma ya watu, anaangalia ukuta, ili mama apate nafasi. Mama alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akamnusa shingoni, na machozi yakaanza kumtoka. Siku ya msiba wa baba sikumwona akilia hivyo. Kisha akanigeukia akatoa utani wa wake wenza ambao kila bibi huutoa siku kama ile: "Sasa mi na we tuko babibi ba bwana moya. Lakini mukubwa njo mi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwapita wote.

Kwa muda jina lilifanya kazi yake. Vijana walipoingia barabara yetu kwa mara ya kwanza, kaka alisimama mlangoni kwetu amempakata mtoto. "Humu muko tata yangu," akawaambia. "Muntu anataka kumufukuza, anipite mi kwanza." Mmoja wao akavua kofia na kumsalimia mtoto. Wakavuka barabara. Jirani wetu wa mbele, mtu wa Kasai kama mume wangu, alitolewa nyumbani pamoja na wanawe wakati sufuria ya maharage iko bado kwenye mbabula, na jiko lile la makaa likaendelea kuwaka peke yake mpaka maharage yakaungua. Ile harufu iliingia kwetu. Nilifunga dirisha nikamshukuru Mungu kwa jina la mwanangu, huku mume wangu amekaa kitandani, mikono katikati ya magoti.

Muda mfupi baadaye kaka alihamia kwetu na mkewe, magodoro juu ya mkokoteni. Alisema anakuja kutulinda. Ulinzi wenyewe ulianzia kwenye kiti kizuri, ukaenda kwenye meza, ukafika kwenye redio. Akaanza kusema "nyumba ya tata". Wifi yangu akahamisha sufuria zangu na kuweka zake. Mume wangu, aliyekuwa na mtu mmoja wa kumpisha, sasa alikuwa anapisha ukoo mzima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu nilikuwa nakipikia bukari, ugali wetu, asubuhi na jioni.

Siku vijana waliporudi, nilijua kabla hawajafika. Niliingia chumbani kuchukua nepi, nikakuta valizi, sanduku la safari la mume wangu, juu ya kitanda, imefungwa. Nikaifungua. Mashati yake yalikuwa yamekunjwa vizuri sana, kola ndani, kwa mkono wa mwanamke ambaye si mimi. Nikatoka nayo mkononi nikamwuliza wifi yangu hii ni nini.

"Nilisema basimupasulie manguo," akajibu, akiendelea kufagia.

Barabara ilikuwa tupu. Kwenye kona hakukuwa na kijana hata mmoja. Nikamwangalia kaka yangu aliyekuwa kwenye kiti, yeye akaangalia saa yake.

Wakafika. Kaka akasimama mlangoni kama mara ya kwanza, mtoto mikononi, na sauti ikiwa ile ile ya kanisani. "Tata anabakia na mama yake," akasema. "Ule mwingine, munamuyua." Hakunyoosha hata kidole. Alisogea tu pembeni ya mlango, kama mtu anayewapisha wageni waingie. Nilimrukia, nikamkwaruza shingo, na yeye akanisukuma kwa kiwiko, kwa uangalifu, asije akamwangusha mtoto.

Mume wangu alitoka mwenyewe na valizi yake. Walimsukuma kupitia uani, ambako mama yangu alikuwa amekaa karibu na mbabula. Mmoja anamvuta shati, mwingine anampiga mgongoni, na mume wangu, alipofika usawa wa mama, akageuza uso upande wa pili, kama siku zote. Naliona hilo mpaka leo. Kati ya wote waliokuwa katika ule ua, mwenye adabu alikuwa mmoja, na huyo ndiye waliyekuwa wanamfukuza.

Stesheni ilikuwa imejaa mpaka nje ya uzio. Watu walikuwa wanangoja treni ya kuwapeleka Kasai, na treni haikuwa na haraka na mtu. Walilala chini ya maturubai, chini ya mashuka, chini ya milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao wenyewe wakiondoka. Watoto walikuwa wanaharisha, na wengine walizikwa karibu na reli. Kila siku nilienda na sufuria ya chakula kichwani na mwanangu mgongoni. Mume wangu alikuwa anamchukua mtoto, anamkalisha juu ya valizi, anaongea naye habari za injini.

Siku moja aliniambia, bila hasira, "Nilitoa jina ya tata yangu, nikaweka jina yao. Sasa juu ya ile jina banasema mutoto ni yao." Hasira nilikuwa nayo mimi, ya kututosha wawili.

Nyumbani nilimwambia kaka kwamba nitaondoka na mume wangu. Hakupandisha sauti. "Mi siwezi kuzuia bibi kufwata bwana yake, mudogo wangu. Enda. Lakini tata habebwi mu wagon ya mizigo. Tata eko na nyumba yake." Niliwahi kusikia ukarimu mwingi maishani, lakini ule wa kumruhusu mwanamke asafiri na titi lake na kumwacha nyumbani anayelinyonya, huo niliupata kwa kaka yangu tu. Alihitaji mtoto abaki. Bila mwenye jina ndani, yeye angekuwa mtu aliyeingia nyumba ya mwingine tu, kama walivyoingia wengi mtaani.

Tukapatana na mume wangu. Siku treni ikija, nitatoka na sufuria yangu kama kawaida, mtoto mgongoni, bila mfuko wala kitambaa cha ziada, na sitarudi.

Mtu mmoja tu nilimwambia. Binti haendi mbali namna ile bila mama yake kujua. Akienda kwa kuiba, hata watoto atakaozaa huko hawatakaa. Nilimwambia mama tukichambua sombe, majani ya mihogo, jikoni. Aliendelea kuchuma majani kutoka kwenye vijiti vyake, jani moja moja, mpaka fungu likaisha.

"Bibi anafwataka bwana," akasema. "Njo bunaendaka." Ndivyo mambo yaendavyo.

Akaingia chumbani kwake, akatoka na pemba, ule udongo mweupe wa kubariki, akanipaka kwenye paji la uso, akampaka na mtoto. Aliniahidi kwamba kaka hatajua. Na kaka hakujua. Hilo lazima niliseme wazi: mama yangu aliitunza siri yangu kama alivyoahidi.

Treni ilikuja siku ya jua kali, mabehewa ya mizigo matupu, bila viti wala madirisha. Watu walipanda wakikanyagana, wazee wakisukumwa kwa makalio, mabunda yakirushwa juu. Mume wangu alitumia mabega yake ya fundi, akapata kona ndani ya behewa moja, pembeni ya mlango, akatandika mkeka wetu na kuukalia. Mimi nilikuwa bado chini, mtoto mgongoni, nampitishia sufuria, nilipomwona mama yangu anakuja katikati ya watu, amevaa kikwembe chake cha safari, kitenge kile kisafi.

Nilifurahi. Moyo wangu uliruka kama wa mtoto. Nilisema moyoni, pamoja na yote mama ni mama, amekuja kutusindikiza. Mume wangu naye alimwona. Papo hapo akageuza uso ndani ya behewa.

"Jua ni mingi," mama akaniambia, akimfuta mtoto jasho kwa ncha ya kikwembe. "Nipe bwana yangu nimubebe kidogo, pale mu kivuli. We panda, upange bitu. Ni mara ya mwisho, mama."

Nikamfungua mtoto mgongoni kwangu nikampandisha mgongoni kwake. Kitambaa nilimfunga mimi mwenyewe, fundo juu ya kifua, na kwa kuwa ni mtu mzima nikalikaza vizuri mtoto asimtoke. Kisha nikapanda. Tukasukuma valizi ukutani, tukaweka sufuria ya chakula katikati ya miguu, mume wangu akagombana kidogo na mtu wa kando aliyetaka kuingiza baiskeli. Nilipochungulia nje niliona vichwa vya watu tu.

"Mama amekwenda wapi?" nikamwuliza mume wangu.

"Siyui," akasema. "Niligeuza uso." Halafu nikaona rangi yake inabadilika. "Ni mukwe wangu. Ningemuangalia namna gani?"

Nikaruka chini. Mwanzoni nilifikiri umati umemmeza. Nikaenda kwenye kivuli cha ghala, nikaenda kwenye bomba la maji, nikaita. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo ya kuchemsha ndiye aliniambia amemwona mzee mwenye mtoto mgongoni akivuka reli kuelekea mjini. "Alikuwa anaenda mbio," akasema. "Mi nikasema, huyu mama mukubwa eko na nguvu." Kitambaa nilikifunga mimi.

Nikarudi behewani kumwambia mume wangu. Alitaka kushuka, na mguu mmoja ulikuwa tayari nje, lakini angeenda wapi? Vijana walikuwa wanazunguka nje ya uzio, na mtu wa Kasai aliyetoka pale kurudi mjini alipigwa. Tena kona yetu, akiondoka, ingejaa kabla hajafika chini. Aliangalia mbele ya treni. "Kichwa habajakifunga bado," akasema. "Enda. Mi nashikilia nafasi yetu. Enda, rudia naye."

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye mawe ya reli. Nilipita katika mitaa niliyokulia, na watu walionijua walinitazama bila kuniuliza kitu, kwa maana wakati ule watu walikuwa wamezoea kuona wengine wakikimbia.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu, anahema, miguu myeupe kwa vumbi. Mtoto amelala mgongoni kwake. Kaka hakuwepo, wala wifi. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kumlaumu.

"Nipe mtoto wangu," nikasema.

Hakubisha. Alianza kulifungua fundo, pole pole, kwa sababu nilikuwa nimelikaza. "Uko na haki ya kunichukia," akasema. "Lakini huyu muntu mi nilishaka kumuzika mara moya. Siwezi kumusindikiza tena."

"Huyu hapana bwana yako!" nilipiga kelele. "Ni mutoto! Baba yake eko mu wagon, anangoya!"

Mama aliniangalia kwa huruma. Ndiyo, kwa huruma, huruma ya kweli ya mama, na hiyo ndiyo nimeshindwa kumsamehe. Kaka yangu alitaka nyumba, na mtu anayetaka nyumba naweza kumwelewa. "We uko ungali mudogo," mama akasema. "Bwana mwingine utapata."

Nikamnyakua mtoto, nikamfunga mgongoni, nikageuka. Nilikuwa sijafika hata nusu ya njia niliposikia filimbi ya treni. Nikasema ni ya kufunga kichwa tu. Ikalia tena, ndefu. Niliendelea kukimbia, mtoto ameamka analia, kichwa chake kinagonga mgongo wangu, na mimi namwambia nyamaza Papa, tunafika, tunafika.

Reli ilikuwa tupu. Pembeni walibaki wale waliokosa nafasi, wamekaa juu ya mizigo yao, na yule mama wa mihogo alikuwa anakusanya vyungu vyake. Aliponiona akashika kichwa kwa mikono miwili.

Aliniambia kwamba treni ilipoanza kusogea watu wengi walivamia ile kona yetu. Mume wangu alikuwa amelala chali juu ya mkeka, mikono na miguu ameitawanya pande zote ili atoshe nafasi ya watu watatu. Walimkanyaga, wakampiga, wakamtukana, naye hakujikunja. Mpaka behewa linapotea alikuwa bado anapiga kelele: "Hapa pako na benyewe! Bibi yangu anakuya na mutoto!"